Mizunguko Aliyokula Kuku

"Pikapu," akasema Kassian, "siyo ile ya kubebea matofali."
Akailaza besi mezani, juu ya feni tatu zilizoungua,
shingo yake ikatokeza nje ya kibanda
na wapita njia wa Gerezani wakawa wanaikwepa.

Mimi nasuka mota. Pampu, feni, mashine za kusaga.
Miaka kumi na saba nasuka shaba,
nywele zangu mwenyewe sijazisuka tangu Idi.
Gitaa, sijawahi.

Nikafungua skrubu. Koili ya zamani
imeota ukungu wa kijani, waya umekatika pasipoonekana;
mita ikaigusa, ikanyamaza.
Na chini yake, kwa penseli, kwenye mbao tupu:
Mkude, Februari 79. Usitoboe.
"Mkude ndiye nani?"
"Sijui. Niliinunua kwa mjane mmoja wa Mburahati.
Mumewe naye aliinunua kwa mtu."

Ya kuagiza, bei yake ni kodi yangu ya miezi minne.
Basi nitaisuka.
Sumaku za kushikia milango ya kabati, kutoka Keko.
Kipande cha mninga, vumbi lake bado linanukia.
Misumari minne, mmoja chini ya kila uzi.
Na waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
nilioufumua kwenye transfoma ya redio iliyopigwa na radi.

Zuwena jirani akaniazima cherehani.
Kanyago moja, mizunguko kumi.
Makanyago kumi, punje moja ya mahindi kwenye kifuniko cha kopo.
Waya sikuuona. Niliujua kwa ulivyokata ngozi ya kidole:
ukiukaza unakatika, ukiulegeza unajikunja.
Hata kupumua nilipumua kwa zamu.
Punje sikuzihesabu; kuhesabu ilikuwa kazi ya kifuniko.

Mteja akauliza bei ya feni. Nikainua uso,
nusu dakika tu,
na nilipoinama tena kuku wa mama lishe
alikuwa amekula maelfu,
ameniachia mia tatu.

Nikaendelea hadi koili ikatuna kama tumbo la aliyefuturu.
Nikaichovya kwenye nta ya mishumaa.
Sikumwambia mtu.

Jumamosi pikapu ikakataa kuingia.
Milimita mbili.
Patasi nilikuwa nayo mkononi, Kassian ameshatikisa kichwa, kata tu.
Lakini yule Mkude, na penseli yake.
Nikaweka patasi, nikachukua tupa,
nikaukwangua mninga wangu,
heri nipunguze cha kwangu,
hadi ukaingia kwa kusitasita
kama mgeni aliyekaribishwa mara moja.

Lehemu ikafuka. Waya wa moto, waya wa ethi.
Tukachomeka amplifaya,
umeme ukakatika.
Jenereta za mtaa mzima zikaanza kugombana.
Kassian akapiga hivyo hivyo, bila umeme, na nyuzi
zikasema kama mtu aliyejifunika shuka usoni.

Uliporudi, kilichotangulia kilikuwa mvumo.
"Nyuki," akasema.
Akaweka kiganja juu ya nyuzi: kimya.
Akaondoa: wakarudi.
Nikamwambia nitaurekebisha. Akaweka kiganja tena, akaondoa,
akaweka.
"Uache kidogo," akasema. "Unanijua."

Kisha uzi mnene, wazi, bila kidole.
Sikuusikia masikioni. Niliusikia kwenye stuli,
kwenye jino langu lililozibwa,
kwenye skrubu zilizoanza kutambaa ndani ya sahani.
Zuwena akatoa mguu kwenye kanyagio, akidhani ni lori.

Kabla hatujafunga, Kassian akainyanyua pikapu kidogo,
penseli mkononi, aandike chini ya Mkude.
"Umesuka mizunguko mingapi?"

Kuku alikuwa anapita.

"Andika: ya kutosha."